Kupanda Sikuuliza

Otari aliinunua bandarini Poti,
injini ya Kijerumani, silinda sita,
akaishindilia kwenye Lada ya marehemu baba
kama fahali ndani ya banda la kuku.

Mtaa mzima wa Kutaisi ulipiga makofi.
Mimi dada yake niliinama kwenye magurudumu:
nyuma, ngoma zile zile za mwaka themanini na moja,
na ngoma ikivuma sana, mnajua.

"Itapanda Rikoti kama moshi," akasema.
Kupanda sikuuliza.

Wiki tatu funguo zililala mfukoni mwangu.
Tukatafuta diski pana, zenye matundu ya kupumulia,
na kalipa za mtumba, wekundu umebabuka.
Rimu za zamani zikazikataa.
Rimu nyingine, basi; deni juu ya deni.
Usiku mimi pedalini, yeye uvunguni na spana:
"Kanyaga. Shika. Achia."
Mapovu yakatoka, yakatoka,
hadi mguu wangu ukakuta jiwe.

Jumapili, tukiteremka,
ng'ombe kasimama katikati ya lami, anacheua.
Lada ikainamisha pua, ikatulia.
Otari hakusema kitu.
Ng'ombe naye hakuharakisha.