Swali la Tisa

Kila Novemba fomu huja, kurasa nne,
rangi yake kama maziwa yaliyochacha.
Swali la tisa: Unajiona wapi baada ya miaka mitano?
Mwaka wa kwanza nilijibu:
"Karakana ya tramu, Brno, lango la pili,
nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita."
Walicheka. Si kwa ubaya, alisema Bwana Kadlec.
Nami nilikuwa nimepiga hesabu mara mbili.

Tangu hapo nikawa naacha nafasi wazi.
Nafasi wazi haichekwi.

Kazi yangu ni magurudumu.
Nagonga chuma kwa nyundo ndogo, nainamisha kichwa, nasikiliza.
Gurudumu zima hujibu kwa sauti ndefu
inayofika mwisho wake yenyewe,
kama mtu anayemaliza sentensi.
Lenye ufa humeza maneno.
Katika miaka kumi na minne nimekataa mia mbili na kumi na moja.
Mashine ya kupimia ilikubaliana nami kwa mia mbili na tisa.
Yale mawili bado nayafikiria
usiku, theluji inapozima mji.

Wanasema cheo ni ngazi.
Ngazi naijua: ya alumini, iko nyuma ya stoo,
vipago kumi na kimoja, cha sita kimelegea,
nimeripoti mara tatu.
Hiyo nyingine haipiti kwenye gurudumu.
Inapita kwenye chumba chenye taa inayovuma,
kwenye keki ya mtu aliyetimiza hamsini,
kwenye kumtazama msemaji machoni
kwa muda usiozidi wala usiopungua.
Muda gani? Hakuna aliyewahi kuniambia.
Otmar, niliyemfundisha kushika nyundo, alipanda.
Kisha akapanda Jarmila.
Niliwapa mkono wa pongezi, wenye grisi,
nilisahau kuufuta,
wakadhani nina kinyongo.

Nilikuwa na thelathini na minane daktari aliponitajia neno: usonji.
Nikalipeleka nyumbani kwa tramu namba nne,
mkobani, pamoja na mkate.
Mama akauliza, "Sasa utalifanyia nini?"
"Sijui," nikasema. "Kwanza nile."

Nilikula miaka saba.

Mwaka huu nikaingia kwa Bwana Kadlec na karatasi,
nikaisoma kama ilivyo, bila kuinua macho:
maswali ya usaili yaje kwa maandishi, siku mbili kabla;
taa ile ibadilishwe;
nisipewe watu wa kusimamia, siwataki,
nipewe mwanafunzi mmoja, akishajua, aje mwingine.
Alikaa kimya hadi nikasikia saa yake ya mkononi.
"Vendula, mbona hukusema miaka yote hii?"
"Fomu haina swali hilo," nikamwambia.

Taa ilibadilishwa baada ya wiki tano.
Maswali yalikuja asubuhi ya usaili wenyewe, yakiwa na makosa ya chapa.
Cheo nilichoomba hakimo kwenye jedwali la mishahara,
kwa hiyo mshahara umebaki ulipokuwa
na makao makuu wanalijadili, yaani wamelisahau.

Ila mwanafunzi amekuja.
Kryštof, miaka kumi na tisa, vizibo masikioni,
hakusalimu, nami sikusalimu, tukaelewana.
Siku tatu hakugusa nyundo.
Ya nne alitoa kizibo kimoja, akagonga,
akagonga tena upande wa pili,
akasema, akiliambia gurudumu, si mimi:
"Hili linaficha kitu."
Mashine ikasema zima.
Tukalilaza chini ya darubini, tukageuza, tukageuza.
Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Nikayakumbuka yale mawili.

Leo ni Novemba, fomu iko mezani.
Swali la tisa. Nimeanza hivi:
"Lango la pili. Mimi hamsini, Kryštof ishirini na nne.
Kipago cha sita kimetengenezwa.
Mashine imefundishwa kusikia alichosikia yeye, na njia ni hii..."
Mistari miwili waliyoniachia imekwisha.
Nimegeuza ukurasa, nao umejaa.
Nimemtuma Kryštof stoo alete karatasi.