Chini au Juu

Nililetewa jiji zima kwa simu, nikiwa bado Newala.
Shemeji Chilumba akasema Sinza: hakulaliki, ila hulali na njaa.
Shangazi Somoe akasema njoo Mbagala, godoro lipo,
utalala na watoto, utaamka na madaftari mgongoni.
Bwana mmoja wa benki akataja Masaki,
akataja na bei, nikadhani ananisomea namba yake ya simu.
"Kigamboni kuna upepo." "Upepo haulipiwi, kivuko je?"
"Tabata maji ya kununua." "Ukipita Kariakoo, begi libebe kifuani."

Mimi nilikuwa na anwani moja tu,
ya penseli, nyuma ya picha ya baba:
Magomeni, kwa Bi Mwanaidi, mlango wa kijani.
Alipanga hapo miaka mitatu, akipakua magunia bandarini,
akarudi nyumbani na cherehani
na kikohozi.

Mlango wa kijani haupo.
Ipo gesti ya ghorofa nne, feni, taulo, kisabuni kama kiberiti.
Binti wa mapokezi aliuliza, "Chini au juu?
Chini kelele, juu ngazi."
Nilitaka chini. Kumejaa, akasema, baada ya kutazama daftari.

Basi nimelala ghorofa ya tatu,
mahali ambapo enzi zake palikuwa hewa tupu,
juu kabisa ya bati lililomnyima usingizi masika.
Usiku wa manane, mtu wa chini alikohoa.
Nikagonga sakafu kwa kisigino, taratibu.
Naye akagonga dari.