Dhahabu ya Kwenye Beseni

Sekibaha alifika saa moja asubuhi, injini ya baridi,
maana nilimwonya: gari lenye maradhi
haliletwi kwangu likiwa limeshachangamka.
Barabara ya Kumi na Mbili ilikuwa bado inafagiliwa.
Alipotoka namba moja kwenda namba mbili
nikasikia kabla hajanieleza:
krrr,
kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali.

Impreza ya buluu, magurudumu yote manne yanavuta.
Ngamiani nzima huijua kwa mlio.

"Niwekee ile nzito, Mwanjaa, ile ya bei mbaya.
Kwani oili si oili?"

Sikumjibu. Nikafungua nati ya chini, nikakinga beseni,
lile la kufulia ambalo mama alinisusia.
Oili ikashuka kivivu kama asali ya Handeni,
na jua lilipopenya uvunguni mwa gari
beseni likang'aa.
Akachuchumaa. "Dhahabu!"
Kweli ilipendeza: vumbi jembamba la manjano
likizunguka taratibu, halina haraka ya kuzama.
Nikachovya kidole, nikamsogezea.
Hii ni shaba, kaka.
Hizi ni pete za gia zako.

Kati ya gia na gia kuna pete.
Gia moja inakimbia, mwenzake inajikokota,
pete inazishika mkono mpaka zilingane mwendo,
ndipo zinaingiliana bila ugomvi.
Ukiipa utelezi uliozidi, haishiki.
Ukiipa kiberiti kikali, ile oili yenye namba tano ubavuni mwa dumu,
shaba inaliwa kimya kimya
kama chumvi inavyokula mabati ya Raskazone.

Wala hiyo tano si mbaya. Ina kwao.
Difu ya nyuma inaililia: kule meno yanasuguana kwa ubavu,
bila kiberiti hayafiki Muheza salama.
Na kwa kuwa difu yako ni ile inayobana,
isiyokubali gurudumu moja lizunguke lenyewe kwenye tope,
inataka na kichupa cha dawa yake,
la sivyo kila kona itagutuka na kulalama.

Kazi iko mbele.
Giaboksi na difu ya mbele, kwenye gari lako,
vinakunywa kisima kimoja.
Mmoja kiberiti ni chakula chake, mwenziwe ni sumu.
Ipo oili ya kuwasuluhisha, kali kwa meno, pole kwa shaba,
sabini na tano kwa tisini,
lakini lazima usome maandishi madogo ya nyuma ya dumu.
Hapo ndipo watu wanapokosea.
Hapo ndipo nilipokosea.

Akainua uso.

Ndiyo, mimi. Siku mbili kabla ya Idi,
foleni ya magari imefika kwa muuza mkaa,
nikanyakua dumu lililokuwa karibu na mkono.
Lita tatu na nusu. Sikusoma.
Nikafuta mikono, nikapokea hela yako, nikasema karibu tena.

Akaliangalia beseni kwa muda.
"Kwa hiyo dhahabu yangu, kosa lako."

Nikaandika kwenye daftari: pete za namba mbili, ufundi bure.
Akauliza kuhusu Jumamosi, kuna wenzake wanapanda Lushoto.
Nikamwambia zile kona za Soni zimesubiri miaka,
zitasubiri na wiki mbili.
Akacheka kidogo, si sana,
akaondoka kwa miguu kuelekea Mgandini, ufunguo kaniachia.

Oili ile sikuimwaga yote.
Kiasi nimekitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
iko rafuni, ubavuni mwa cheti changu cha VETA.
Kijana akija kujifunza kazi, akaniuliza
kwani oili si oili,
namwambia aitoe nje juani,
aitikise.