Sifuri

Nilikuwa karani wa kikao.
Krakow, mwezi wa Novemba, ghorofa ya tatu,
bomba la joto likigonga kama mtu aliyefungiwa ukutani,
na wataalamu kumi na wanne wakibishana tangu asubuhi
juu ya neno moja tu: imekwisha.

Kazi ukiituma kwenye kompyuta ya nchi nyingine
ikarudi kimya, imekwisha?
Ama imekufa? Ama imelala foleni, hakuna wa kuiamsha?
Bogumiła akasema: kwetu iliyokwisha huandikwa moja.
Adérito wa Coimbra akashika kichwa: moja kwetu ni kilio!
Seok-ju alifuta miwani kwa ncha ya tai.
Kwetu, alisema, hatuandiki kitu. Ukiona maandishi, kuna msiba.
Nikaandika yote. Chai ikaota utando.

Tartu, wakati huo, mto ulikuwa umeganda,
na Helve Randoja alikuwa na jokofu lililojaa kupe,
kupe wadogo kuliko nukta ya kalamu yangu.
Ndani ya kupe kirusi, ndani ya kirusi protini,
na katika protini kishimo, kama tundu la kitasa.
Funguo za kujaribu: molekuli laki saba na elfu sitini.
Kompyuta iliyokuwa chini ya meza yake
ingezimaliza kwa miaka thelathini na mmoja.
Yeye alikuwa na hamsini na minane.
Alipiga hesabu kwa penseli, kisha akaifuta.

Barua yake ilisomwa baada ya chakula,
watu wakisinzia:
"Nina mashine tisa za kuazima katika miji tisa.
Kila mlango una hodi yake.
Huu wataka nywila, ule wataka cheti chenye muhuri,
wa tatu huitika karibu, kisha haufunguki.
Kuna mlinzi wa msitu, Uku, aliumwa na kupe mwezi Mei.
Amesahau jina la bintiye. Humwita 'wewe wa dirishani'.
Naomba hodi moja."

Asiyekuwepo na lake halipo.
Uku hakuwepo. Tulirudi kwenye ajenda,
kifungu cha sita, aya ya pili.

Ilichukua miaka mitatu.
Sitadanganya kwamba ni huruma iliyotusukuma;
mara nyingine ilikuwa njaa,
mara nyingine treni ya saa kumi na moja.
Lakini ukurasa wa arobaini na moja upo, na mwandiko wangu umo:
Kazi iliyokwisha salama itarudisha sifuri.
Sifuri! Ile ile ya kufichwa chini ya koti njiani kutoka shule.

Februari, Helve akabonyeza mara moja.
Hodi moja, na milango ikaitika:
Coimbra kwenye mvua, Daejeon kukipambazuka,
Košice, mashine ya chuo cha mifugo
ambayo mchana hujumlisha lita za maziwa.
Siku kumi na tisa. Kwenye kioo chake
sifuri, sifuri, sifuri,
kama mtu anayehesabu usingizini.
Funguo kumi na mbili ziliingia kitasani.
Kwenye chupa za maabara, kumi na moja zikakwama.
Moja ikazunguka nusu.

Nusu. Aliniandikia neno hilo peke yake.

Kisha Adérito akapiga simu: kazi elfu nne za kwake
zilirudi na sifuri safi na majibu ya uongo,
kwa kuwa Tartu huandika desimali kwa koma
na mashine yake ilingoja nukta.
Hapo kiwango chetu kilikuwa kimenyamaza.
Huenda ufunguo mzima umo humo.

Basi tumekutana tena. Bomba bado linagonga.
Ajenda: koma.
Waliohudhuria: kumi na wanne.
Na chini yake, kwenye wenye udhuru,
mahali ambapo hakuna anayesoma,
nimeandika: Uku, mlinzi wa msitu.