Kifungo cha Juu

"Mtegemea cha nduguye," baba husema,
na mkono wake wa kulia, uliokufa tangu Pasaka,
umelala begani kwangu kama kanga iliyolowa.
Tunapanda Mabatini, ngazi za mawe,
mia na kumi na mbili.
Nahesabu mimi, anayehema ni yeye.

Nyumba yetu imeegemea jabali.
Jabali limeegemea nini, sijui.
Mvua ya Aprili ikishuka usiku
tunalala kimya wote, kana kwamba tusipolitaja
litasahau kuporomoka.

Maji tunachota kwa mama Nyamizi.
Namba za luku namwingizia mimi, macho yake yamechoka.
Chumvi, sabuni, vidonge vya presha
vimo kwenye daftari la Bhoke, ukurasa wa Lugembe,
wino wa bluu, na ulipokauka, penseli.
Bhoke naye anadaiwa dagaa kule Kirumba,
na wa Kirumba wanangoja giza la mwezi,
na mwezi haudaiwi na mtu.

Kaka aliye Geita hutuma elfu ishirini
na maneno ya laki mbili.
Tunayala yote.

Umeme ukikatika namwita baba, gizani,
sina la kumwambia,
nataka aitike tu.

Jana alijaribu kufunga shati peke yake.
Nilikaa mlangoni, nikajifanya nachambua mchele.
Kifungo kikaingia tundu lisilo lake,
kola ikapanda upande mmoja kama kilima cha Bugando.
"Mtegemea," akaanza.
Nikamwambia ainue kidevu.