Taa ya Tatu

Jumanne. Mvua ya Halifax haina haraka,
inanyesha kama mtu anayehesabu chenji.
Chumba cha nyuma cha baa, hita moja, viti saba,
santuri inazunguka, mikwaruzo na yote.

Wamepita sitini karibu wote. Makoti ya ngozi yamewabana matumbo.
Barraclough, zamani fundi wa kiwanda cha mazulia;
Glenys, mkutubi mstaafu, na daftari lake la mistari ya mraba;
Eamon, ambaye hanywi tena, huja na chupa yake ya chai;
na Sukhdev wa duka la dawa, kijana wao,
ana hamsini na tisa.
Mimi naokota glasi. Jina langu Mwanatumu.
Wamelinyofoa wakabakiza Tumu, nami nimewaachia.

Wimbo ni wa mwaka sabini na tatu.
Bendi ilivunjika, mwimbaji yuko kaburini,
hakuacha barua wala ufafanuzi,
ila mstari mmoja, ubeti wa pili, gitaa likishanyamaza:
*Taa ya tatu haiwaki, mpelekee mama ufunguo.*

Basi hapo ndipo vita.

"Ni mgodi," asema Barraclough. "Shimo la tatu lililofungwa.
Mama ni serikali."
"Waziri mkuu wakati huo alikuwa mwanamume, Keith."
"Serikali ni mama hata ikivaa suruali."
Glenys amehesabu: katika albamu zao zote
neno mama limo mara kumi na nne,
na mara kumi na moja huyo mama ni marehemu.
Eamon asema ni sindano, ya mkononi si ya santuri,
"naijua taa hiyo, ilinizimikia mimi."
Sukhdev aliizungusha kinyumenyume usiku kucha
akasikia sauti nzito ikitamka, wazi kabisa, kabichi.

Miaka arobaini wanalichokonoa fumbo hilo
kama jino.

Kwetu, nyumba ya harusi, Ngamiani,
fumbo halikuulizwa maana.
Liliulizwa limemlenga nani.
Mwimbaji alipotamka tu
*ulijenga kwa jirani, kwako kukavuja paa,*
shangazi Mwanaisha hakufungua kamusi.
Aliinuka, akapita katikati ya mikeka,
akamtunza mwimbaji noti machoni pa Bi Saumu,
taratibu, akiikunjua mkunjo kwa mkunjo,
na maana ikawa pale, imejifunga leso, inatembea.
Bi Saumu alihama mtaa kabla ya Ramadhani.

"Na wewe, Tumu, wasemaje?"
Glenys huyo, kwa adabu tu, kama mtu anayekaribisha biskuti.
Nikasema, mambo ya taa siyajui.
Nauliza tu: ukipigwa mstari ule,
nani kati yenu angeinuka kutunza?

Santuri imekwisha. Sindano inakwaruza kwenye duara tupu
na hakuna anayeinyanyua.

Barraclough akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
"Mama alikuwa akiwasha taa tatu," akasema,
"baba akiwa zamu ya usiku. Uani, jikoni, ngazini.
Ya ngazini ikaungua.
Nikamwambia, nitaibadilisha Jumamosi."
Akavaa miwani.
Eamon akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko,
akamsogezea.
Siku gani ilitokea, hakuna aliyeuliza.
Ufunguo, hakuna aliyeuliza.

Nikaokota glasi. Yake ilikuwa imejaa.
Nje niliikuta mvua palepale, kwenye hesabu yake,
nikapanda kilima hadi nyumbani, na kwa mara ya kwanza
nikatazama balbu ya ngazi yangu kabla ya kukanyaga.

Jumanne iliyofuata alikuja amechelewa, amelowa,
akavuta kiti kilekile.
"Ni mgodi," akasema, kabla hajavua koti.
Sukhdev alifungua kinywa. Glenys akamkanyaga mguu.
"Ndiyo, Keith," akasema. "Huenda ni mgodi."