Nje kwa Kiganja Kimoja

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi:
methali hii nimeletewa mara kumi na moja,
mara mbili kwa kadi, mara moja pamoja na keki,
na mara moja na mchungaji aliyenishika bega lenyewe,
la kulia, la nyuzi, la misumari miwili,
akalitikisa kidogo kwa upendo.
Nikasema amina. Ningesema nini?

Koleo halina usingizi, hilo ndilo wasilolijua.
Koleo likiungwa haliamki usiku wa manane
kusikia tena ule mlio wa Monastiri,
kama muwa mtu akiuvunja gotini.
Mlio mdogo. Watu hata hawakugeuka,
mwamuzi akaendelea kuhesabu.

Siku hizo nilikuwa wa mia tano themanini na saba duniani.
Mama aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa duka lake Kibuye,
kila Jumatatu akifuta, akiandika upya,
wateja wakijua cheo changu kuliko bei.
Kisha namba ikaanza kunenepa:
mia saba, elfu moja na ushee,
hadi Jumatatu moja hapakuwa na namba ya kuandika.
Mama akaandika tu: Mchele wa Ahero umefika.

Miezi tisa Odipo ananivutisha mpira wa ndani wa baiskeli
alioufunga kwenye mlingoti wa wavu,
kumi na tano, pumzika, kumi na tano,
usubi wa ziwa ukituingia puani.
Daktari alishasema limepona. Picha ikasema limepona.
Nami nikasema limepona, kwa sauti ya mtu
anayemwambia mbwa wa jirani kwamba hamwogopi.

Maana mkono ukipanda, ukifika pale juu
ambapo mpira husimama kidogo hewani
kabla ya kukumbuka uzito wake,
kitu ndani hujikunja. Sijakituma.
Aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa. Lakini mimi ung'ongo ndio kazi yangu,
ndio karo ya Awino, ndio tiketi ya ndege,
naamka kila alfajiri kuushika.

Ikawa wavuni. Wavuni. Wavuni.
Hata Rabuor, kijana wa kuokota mipira,
alihamishia kigoda chake karibu na wavu
kuokoa miguu.

Jana, mawingu ya Nandi yakiwa yameshanguruma,
dakika kumi labda kabla ya mvua,
Odipo akatazama saa, akafunga begi.
Nikabaki na mpira mmoja, umenyonyoka manyoya.
Sikuomba. Sikuhesabu pumzi
kama anavyonielekeza yule mshauri wa kwenye simu.
Nilikuwa nawaza omena niliyoiacha jikoni,
kama niliifunika.

Mkono ukapanda, ukafika pale,
ukapita,
na mlio uliotoka ulikuwa wa nyuzi za raketi,
si zangu.

Mpira ukavuka wavu kwa nafasi ya kupitisha mbuzi,
ukatua nje. Nje kwa kiganja kimoja,
vumbi jekundu likasimama pale kushuhudia kosa langu
mbele ya viti vitupu,
nao mpira ukaruka ua, ukaingia kwenye sukuma wiki ya bawabu.
"Nje!" Rabuor akapaza sauti, tayari anakimbia,
mara ya kwanza namwona akikimbia tangu Januari.

Nje, ndiyo. Nikacheka hadi nikainama.
Miezi tisa nimekosa kwa kubana.
Hili nimekosa kwa kuzidisha.

Matone yakaanza, makubwa, ya joto.
Odipo akafungua begi tena.
Hakusema lolote kuhusu koleo.
Akatoa mipira minne,
akaifuta mmoja mmoja kwa shati lake,
akaniwekea mkononi.
"Sasa, Apondi," akasema,
"lete chini kidogo."